Niliyojifunza Nikihesabu Seli T Katika Maabara ya Eastlands

Kwa miaka kumi na mmoja, kuanzia 2005, kazi yangu ya kila siku ilikuwa kuhesabu seli T, aina ya chembe nyeupe za kinga, katika damu ya watu wenye virusi vya Ukimwi. Nilikuwa mtaalamu wa maabara katika kituo kimoja cha afya huko Eastlands, Nairobi, na kabla ya saa nne asubuhi chupa ndogo zenye vifuniko vya zambarau zilikuwa zimekwisha kupangwa mezani kwangu, kila moja ikiwa na damu ya mtu aliyeketi kwenye benchi la nje akisubiri namba yake. Wagonjwa waliniita daktari, kwa sababu katika vituo vyetu kila aliyevaa koti jeupe ni daktari, nami nililipokea jina hilo kwa uzito wake, maana namba niliyoiandika katika faili ndiyo iliyoamua kama mtu angeanzishiwa dawa au angerudishwa nyumbani. Ninaandika haya kwa kuwa nilichelewa mno kuelewa kwamba namba ile ilihesabu seli tu, wala haikusema lolote kuhusu kazi ambazo seli hizo zilikuwa zikifanya mwilini.

Namba hiyo huitwa hesabu ya CD4, na wengi hudhani CD4 ni jina la seli. CD4 ni protini inayokaa juu ya ngozi ya seli, mithili ya alama, na seli T zenye alama hiyo ndizo ambazo virusi vya Ukimwi huzishambulia, kwa kuwa virusi hivyo huitumia protini hiyo hiyo kama komeo la kuingilia ndani. Katika maabara tulichanganya tone la damu na kingamwili, yaani protini za kinga, zilizotengenezwa mahsusi ili zinase kwenye alama hiyo, kila kingamwili ikiwa imebeba rangi ing'aayo. Kisha mashine ilizipitisha seli moja moja mbele ya mwali wa leza na kuhesabu zilizong'aa. Mtu mzima mwenye afya huwa na seli kama hizo kati ya 500 na 1,500 hivi katika kila mikrolita ya damu, yaani katika tone dogo kuliko kichwa cha pini. Zikishuka chini ya 200, magonjwa ambayo mwili wenye afya huyazima bila hata mwenyewe kujua huanza kupata nafasi.

Washauri nasaha wetu waliwaeleza wagonjwa kwamba CD4 ni askari wa mwili. Nilitumia maneno hayo mwenyewe kwa miaka mingi, na sasa naamini yalituponza, kwa sababu askari huhesabiwa, na aliye na askari wengi hujiona salama. Seli T yenye CD4 kwa kawaida haimpigi adui kwa mkono wake. Ningepewa nafasi ya kuanza upya, ningeifananisha na mnyapara wa mjengo. Mafundi wanaweza kuwapo wote, saruji ipo, mawe yapo, lakini mnyapara asipofika, fundi wa mawe hajui aanzie wapi, na anayechanganya saruji huketi kivulini. Ndivyo ilivyo mwilini. Seli B, aina nyingine ya seli za kinga, zinajua kutengeneza kingamwili, lakini kingamwili zilizo bora, zinazonasa kwa nguvu na kudumu, hupatikana baada ya seli T yenye CD4 kuthibitisha kwamba adui ni adui kweli. Seli T zenye alama ya CD8, ambazo ndizo zinazoua seli zetu wenyewe zilizokwisha kuvamiwa na virusi, hukosa kumbukumbu ya kudumu zisiposaidiwa na zile za CD4. Na makrofaji, zile seli kubwa zinazomeza vijidudu, zinaweza kummeza bakteria wa kifua kikuu na kukaa naye tumboni kwa miezi, akiwa hai, mpaka seli T izifikie na kuzimwagia kemikali iitwayo intaferoni gama, ambayo ndiyo amri ya kumuua.

Mtu wa kwanza kunionyesha udhaifu wa namba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kutoka Kariobangi. Miaka hiyo mwongozo ulisema kwamba mtu asiyekuwa na dalili kubwa ataanzishiwa dawa seli zake zikiwa chini ya 200. Zake zilikuwa 212. Nilimwandikia namba hiyo, naye akaisoma, akaniuliza kwa sauti ya mwanafunzi aliyeshika karatasi ya matokeo, "Daktari, nimefaulu?" Nikamwambia amefaulu, arudi baada ya miezi sita. Nilisema hivyo kwa furaha ya kweli. Wala sikumweleza kwamba seli hizi hupanda na kushuka ndani ya siku moja, zikiwa chache zaidi nyakati za asubuhi na nyingi zaidi usiku. Kwamba mafua, mazoezi au usiku wa kukosa usingizi vinaweza kuzisogeza. Na kwamba damu ya mtu yuleyule, ikipimwa mara mbili katika juma moja, inaweza kutofautiana kwa moja ya tano bila chochote kubadilika katika hali yake. Kati ya 212 na 198 hakuna tofauti yoyote ya kiafya. Palikuwa na mstari tu uliochorwa kwenye karatasi kwa sababu dawa zilikuwa chache na watu walikuwa wengi.

Hakurudi baada ya miezi sita. Alikuwa amefaulu, arudi kufanya nini? Alirudi baada ya miezi tisa, akiwa ameshikwa mkono na ndugu yake, kichwa kikimuuma kiasi kwamba hakuweza kuvumilia mwanga wa mlangoni. Maji ya uti wa mgongo yalitolewa, nikayachanganya na wino mweusi, nikatazama katika hadubini, nikaona vile viduara vyeupe vya fangasi, kila kimoja kikiwa kimezungukwa na utando wake kama mwezi uliozingirwa na ukungu. Hesabu ya CD4 siku hiyo ilikuwa 88. Alipelekwa hospitali kubwa, na ndugu yake alikuja kunipa habari ya msiba baada ya siku kumi, bila lawama, jambo ambalo lilinielemea kuliko lawama yenyewe. Tangu siku ile sikumwambia tena mgonjwa yeyote kwamba amefaulu au ameanguka.

Somo la pili lilitoka nyumbani kwetu. Mama yangu mdogo aliishi Majengo, Pumwani, akiuza viazi karai na mahamri, na mwaka 2007 alikonda mpaka kanga ikawa inamzunguka mara mbili. Nilimpima mwenyewe. Mashine ilionyesha 43. Nilirudia, ikaonyesha 45. Kabla ya kuanzishiwa dawa alichunguzwa kifua kikuu: picha ya kifua ilikuwa safi, makohozi hayakuonyesha kitu, na kile kipimo cha ngozi, kinachodungwa ndani ya ngozi ya mkono na kusomwa kati ya saa 48 na 72 baadaye, kilikuwa bapa kabisa. Hakuna uvimbe, hakuna hata wekundu. Nilifurahi. Niliandika sifuri katika faili, na nafsini mwangu nikaiandika kama habari njema.

Alianza dawa za kupunguza makali ya virusi siku ya Jumatatu. Juma la kwanza lilipita vizuri, la pili akaanza kula, na katika juma la nne akapata homa iliyomtikisa usiku kucha, na tezi za shingo yake upande wa kulia zikavimba zikawa kama viazi alivyokuwa akiuza. Wazee wa familia walikutana. Walisema waliyoyaona kwa macho yao: alikuwa mgonjwa lakini akitembea, sasa amepewa dawa na hawezi kugeuza shingo, basi ni dawa zinazomuua, ziachwe. Mjomba alinigeukia akasema, "Wewe ndiwe unayeshinda na damu za watu. Tuambie." Nami, niliyekuwa nimehesabu seli T za maelfu ya watu, sikuwa na jibu. Nilisema tusubiri hadi asubuhi, na moyoni nilikuwa nimekubaliana nao.

Asubuhi nilimpeleka kwa tabibu mmoja mzee wa kituo chetu. Alimpapasa shingo, akaomba faili, akaweka kidole juu ya ile sifuri yangu. "Ngozi yake ilikuwa imenyamaza," akasema. "Leo shingo imesema." Kisha akatueleza, akimtazama mama mdogo wala si mimi, kwamba kipimo kile cha ngozi hakimtafuti bakteria. Kinachotafutwa ni kumbukumbu ya seli T. Ukidunga protini za kifua kikuu ndani ya ngozi ya mtu ambaye seli zake zimewahi kukutana na bakteria hao, seli zenye kumbukumbu husafiri hadi pale, huita wenzake, na baada ya siku mbili au tatu pale mahali hupanda na kuwa pagumu. Uvimbe ule ni seli T zikifanya kazi. Kwa mtu mwenye seli 43, kuna uwezekano mkubwa kwamba kumbukumbu ipo lakini wa kuitekeleza hawapo, na hivyo ngozi hubaki bapa hata kama kifua kikuu kimejaa ndani. Mama mdogo alikuwa na kifua kikuu kwenye tezi muda wote ule. Hakikuvimba kwa sababu hakuna aliyekuwa akipigana nacho. Dawa zilipovizuia virusi visizidi kuzaliana, seli T zilirudi, zikakuta mgeni amejenga nyumba, zikaanza kumtoa kwa nguvu; na homa, maumivu na uvimbe tuliouona ilikuwa ni kazi ya seli hizo, si ya dawa, wala si ya virusi.

Sindano ilivuta usaha kutoka kwenye tezi ile, na mimi mwenyewe nilipaka kioo, nikakitia rangi, nikawaona bakteria wekundu wamelala vipande vipande. Alianzishiwa dawa za kifua kikuu, akapewa prednisoloni kwa majuma machache ili kutuliza ghadhabu ya kinga yake yenyewe, na zile za kupunguza makali hazikusimamishwa hata siku moja. Tezi moja ilipasuka kabla ya kupona. Kovu lake analo mpaka leo, chini ya sikio, na hulifunika kwa ncha ya mtandio akienda harusini.

Baada ya hapo nilianza kusoma kwa njaa. Nilitaka kujua seli zile zilirudi kutoka wapi kwa haraka namna ile. Nilijifunza kwamba katika majuma ya kwanza ya matibabu nyingi kati ya zinazoonekana kuongezeka si mpya: ni seli zenye kumbukumbu zilizokuwa zimekwama katika tezi na tishu, zikipigana huko, ambazo sasa hurudi katika mzunguko wa damu. Ndiyo maana namba inaweza kupanda mapema, na ndiyo maana vita vya zamani hufufuka. Seli mpya kabisa huja polepole, kwa miezi na miaka, kutoka katika thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, juu kidogo ya moyo. Kwa karne nyingi waganga waliiona tezi hiyo kama kitu kisicho na kazi, kwa sababu kwa mtu mzima huwa imenywea na kujaa mafuta. Mwaka 1961 Jacques Miller, akifanya kazi London, alionyesha kwamba panya walioondolewa thaimasi mara tu baada ya kuzaliwa hukua bila kinga ya kutosha, na kutoka hapo ndipo herufi T ilipopatikana.

Yanayotendeka ndani ya tezi hiyo yalinigusa kuliko jambo lolote nililosoma. Seli changa huzaliwa katika uboho wa mifupa, husafiri hadi thaimasi, na humo kila moja hujitengenezea kipokezi chake kwa kuchanganya vipande vya jeni, kama mtu anayefua ufunguo bila kuona kufuli. Kisha hujaribiwa. Zile zisizoweza kabisa kuzitambua protini za mwili ambazo huonyesha vipande vya vijidudu juu ya seli zetu hufa, kwa kuwa hazitakuwa na faida. Zile zinazozishika mno protini za mwili wenyewe huuawa, kwa kuwa zingekuja kumshambulia mwenyewe. Katika kila mia moja, zinazotoka salama hazifiki tano. Nilipokuwa nikihesabu 350 au 600 katika damu ya mtu, kila moja ya hizo ilikuwa imepita hapo. Na kwa kuwa thaimasi hunywea tangu ujanani, mgonjwa wa miaka sitini seli zake hurudi kwa mwendo wa kinyonga kuliko za kijana wa ishirini, hata wakimeza vidonge vilevile saa ileile. Wagonjwa wangu wazee walikuwa wakijilaumu kwa jambo hilo, nami nilijifunza kuwaambia mapema kwamba si kosa lao.

Hata baada ya mchujo huo mkali, chache zenye hatari huponyoka, na mwili una seli T nyingine za kuzizuia, ambazo kazi yake ni kutuliza. Shimon Sakaguchi wa Japani alizieleza mwaka 1995, na mwaka 2025 yeye pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani walipewa Tuzo ya Nobel kwa utafiti huo. Nilipoisikia habari hiyo redioni nilikuwa ndani ya matatu, Barabara ya Jogoo, na mara moja nikaikumbuka shingo ya mama mdogo na zile siku ambazo kinga yake ilikosa wa kuishika mkono.

Majengo yenyewe ina nafasi katika elimu hii, jambo ambalo watoto wa pale wangestahili kufundishwa. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, walianza kufanya kazi na wanawake wa Pumwani waliokuwa wakifanya biashara ya ngono. Miongoni mwao alikuwamo Elizabeth Ngugi, muuguzi, na Frank Plummer, daktari. Waligundua kwamba wanawake wachache, pamoja na kukutana na virusi kwa miaka, hawakuambukizwa. Damu zao zilipochunguzwa, baadhi yao walikuwa na seli T za CD8 zilizovitambua virusi vya Ukimwi, yaani seli zilizokwisha kuonana na adui na kumkariri. Kulikuwa na jambo la kushangaza zaidi, ambalo lilikuja kujulikana baadaye: baadhi ya wanawake hao walipopumzika na biashara hiyo kwa muda kisha wakarudi, waliambukizwa, kana kwamba kumbukumbu ya seli zao ilihitaji kukumbushwa ili isififie.

Kutokana na damu ile ilibuniwa chanjo iliyokusudiwa kuziamsha seli T, ikitengenezwa kwa kufuata aina ya virusi iliyoenea Kenya, na mwaka 2001 ilianza kujaribiwa kwa watu waliojitolea hapa Nairobi. Haikufanikiwa, ni wachache tu waliochanjwa ambao seli zao ziliitikia kiasi cha kutosha. Nimewasikia watu wakisema kwamba kazi yote ile ilipotea. Sikubaliani nao. Wanawake wa Majengo waliufundisha ulimwengu kuuliza seli T zinatambua nini na zinakumbuka kwa muda gani, wakati sisi wengine tulikuwa bado tunauliza ziko ngapi. Mama mdogo alikuwa akiwauzia baadhi yao mahamri asubuhi. Anasema walikuwa wakitoka kliniki wakiwa wamebana pamba kwenye kiwiko, na hakuna aliyewauliza lolote.

Mstari wa 200 ulisogezwa ukawa 350, ukasogezwa tena ukawa 500, na mwaka 2016 Kenya ikaanza kumpa dawa kila aliyepatikana na virusi, bila kungoja seli zake zishuke. Mashine yangu ilipunguziwa kazi. Siku hizi maendeleo ya mgonjwa hufuatiliwa kwa kupima wingi wa virusi, na hesabu ya CD4 hubaki muhimu zaidi kwa yule anayekuja akiwa amechelewa, ili ajulikane kama yuko chini ya 200 na achunguzwe mapema kifua kikuu na ule ugonjwa wa fangasi uliomchukua fundi wangu wa Kariobangi. Nimehamia idara nyingine.

Mwezi uliopita mama mdogo alinipigia simu jioni, sauti ikiwa imepanda. Mjukuu wake, mwenye majuma matano, alikuwa ametokewa na kipele chekundu kwenye mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, na sasa kilikuwa kinatunga usaha. Mkwewe alitaka kukikamua na kukipaka dawa. Nikamuuliza kama ni pale pale mtoto alipochanjwa BCG, ile chanjo ya kifua kikuu, alipozaliwa. Akanyamaza, nikasikia akimwita mkwewe alete mtoto karibu na taa.

"Ni papo hapo," akasema.

Nikamweleza kwamba seli T za mtoto ndiyo kwanza zinaonyeshwa kifua kikuu kinavyofanana, na kwamba kipele kile kitapasuka, kitakauka chenyewe na kuacha kovu, kama lile alilo nalo yeye na nililo nalo mimi.

"Kwa hiyo ni zile za shingo yangu," akasema.

"Ni zile zile, Mama mdogo."

Kisha nikamsikia akigeuka na kumwambia mkwewe, kwa sauti yake ya zamani ya kupanga foleni ya wateja wa viazi, "Weka hiyo pamba chini. Usikiguse. Kinafanya kazi."